Kilomita 10 za Mikindani

Basi la kazini kwa mume wangu lilikuwa linapita Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka mjini Mtwara, saa 12:20 asubuhi. Katika miezi 14 tuliyokaa kule, sikumbuki hata asubuhi moja ambayo halikupita. Dereva alipunguza mwendo pale barabara inapoanza kuifuata ghuba, mwenzangu akadandia na chupa yake ya chai, basi likashika njia ya Lindi kuelekea Hiari, kwenye kiwanda cha saruji. Mimi nilibaki barazani nikiangalia maji. Yakiwa yamekupwa, wanawake walikuwa wameshashuka na vijiti vyao kuchokoa pweza. Yakiwa yamejaa, ngalawa zilielea karibu kabisa na barabara. Nikishiba kuangalia, ndipo nilipoanza kuwaza leo nitafikaje kazini.

Naandika haya kwa sababu mdogo wangu ameolewa hivi karibuni, na yeye na mumewe wanatafuta nyumba ya kupanga. Wamenipigia simu mara tatu na swali ni lile lile: dada, tukae mjini Mtwara au tutoke pembeni, ambako kodi ni nafuu na mtu unapumua? Kwenye simu nimewajibu nusunusu, maana kila mara nilikuwa naingia zamu au natoka. Leo nimepumzika, nataka niliseme lote.

Sisi tulianzia mjini, Chikongola, chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji wanne. Luku ilikuwa moja. Kila wiki mmoja wetu alizunguka kukusanya pesa za umeme mlango kwa mlango, na kila wiki kulikuwa na mtu ambaye pasi yake au friji yake ilijadiliwa uani kama kesi. Maji tulikinga usiku. Lakini mimi ni muuguzi, na kutoka pale hadi hospitalini nilikuwa natembea kwa miguu dakika 15. Nikitoka zamu ya jioni usiku, barabara ilikuwa na taa, wauza chipsi na watu wanaorudi kutoka sokoni. Wakati ule sikukiona hicho kuwa kitu cha thamani. Nilikiona kama hewa tu.

Mwenzangu ndiye aliyeanza kuisema Mikindani. Yeye ni mtoto wa Msimbati, baba yake mvuvi, na kukaa mjini bila kuiona bahari kulimsumbua kuliko alivyokubali kusema. Mimi natoka Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako utoto wetu ulikuwa wa ndoo na foleni ya maji. Siku aliyonipeleka kuiangalia ile nyumba, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mikoko, jua linashuka. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo maji yalipimwa kwa kikombe, kuona maji mengi hivyo mbele ya mlango ni jambo kubwa. Ninavyojijua, nilishaamua kabla mwenye nyumba hajataja kodi.

Niseme kidogo kuhusu hilo neno "pembeni", kwa sababu watu wa Mtwara tunalitumia kama vile Mikindani ni kitongoji kilichochipuka juzi. Mikindani ndiyo mji wa zamani. Majahazi yalikuwa yanatia nanga kwenye ile ghuba miaka mingi kabla ya Mtwara kuwa na hata gati. Mmisionari David Livingstone alianzia pale safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wajerumani walijenga boma lao pale mwaka 1895 na bado limesimama, jeupe, juu ya mji. Mtwara hii tunayoiita mjini ilikuja baadaye, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipotaka kulima karanga mashamba kwa mashamba huko Nachingwea na wakahitaji bandari yenye kina kirefu na reli ya kuzifikisha karanga hizo melini. Wakaupima mji kwa mapana makubwa, barabara pana, viwanja vikubwa. Karanga zikashindikana. Reli ikang'olewa miaka ya 1960, ikabaki kata inayoitwa Reli isiyo na reli. Shughuli zote zikawa zimeshahamia Mtwara, Mikindani ikaachwa na kuta zake za mawe na matumbawe. Ndiyo maana manispaa inaitwa Mtwara Mikindani, majina mawili kwa mji mmoja, kama watu waliooana.

Kodi nayo ina historia yake. Miaka ile ya gesi, ilipogunduliwa kwa wingi baharini huku kusini, kati ya 2010 na 2014 hivi, kila mwenye kiwanja alisikia kwamba Mtwara inageuka kuwa mji mwingine. Nyumba za wageni zilipanda ghorofa, Shangani kodi zikaanza kutajwa kwa dola. Bomba la gesi lilipokamilika mwaka 2015 na gesi ikaanza kwenda Dar es Salaam, vyumba vingi vilibaki vitupu, lakini bei mtu aliyoizoea kichwani haishuki haraka kama wapangaji wanavyoondoka. Wakati sisi tunahama, chumba na sebule chenye choo ndani mjini kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, miezi 6 mbele, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Mikindani tulipata nyumba nzima ndogo, vyumba viwili, jiko, ua wenye mwembe, luku yetu wenyewe, kwa 80,000. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja aliyekaa nyumba ya jirani na hakutaka kusikia habari za dalali.

Tukapiga hesabu kama watu wazima. Tofauti ya kodi, 70,000. Nauli ya mwenzangu, sifuri, maana basi la kazini linapita pale pale. Nauli yangu ya daladala, 800 kwenda na 800 kurudi. Zamu 22 kwa mwezi. Tukaona tunaokoa kama 35,000 kila mwezi, na bahari juu. Nani asingehama?

Sasa mdogo wangu, hapa ndipo nataka usome polepole.

Ile hesabu ilidhani kwamba mimi narudi nyumbani wakati daladala zipo. Muuguzi ana zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Ya jioni inaisha saa 2:30 kwenye karatasi. Kwenye wodi inaisha ukishakabidhi wagonjwa, na ukikabidhi wakati kuna mama anajifungua, hakuna anayetazama saa. Nikitoka nje saa 3 na kitu, daladala za Mikindani zimeshakwisha au imebaki moja inayosubiri ijae, na usiku haijai. Hivyo ni bodaboda, 5,000. Zamu za jioni zilikuwa saba kwa mwezi. Safari za kwenda 22, shilingi 17,600. Za kurudi mchana 15, shilingi 12,000. Za bodaboda saba, 35,000. Jumla 64,600. Miezi mitatu baada ya kuhama nilikaa barazani na daftari, nikaona kwamba faida yetu yote ya kuhama mji ni shilingi 5,400 kwa mwezi.

Sikumwambia mwenzangu siku ile. Alikuwa ufukweni anasaidia watu kuvuta ngalawa, na alikuwa anacheka.

Maana kulikuwa na furaha, na sitaki mtu aisome makala hii akadhani naisema Mikindani vibaya. Kaskazi ikivuma, nyumba ile haikuhitaji feni. Samaki tulinunua kwa mtu aliyemvua, mkononi mwake. Yule bibi alinifundisha kumpiga pweza juu ya jiwe hadi alainike, na kumpika kwa nazi bila kumfanya mpira. Asubuhi za mapumziko nilipita mbele ya mlango wake:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umelala?"

"Nimelala bibi."

"Muongo. Taa yako nimeiona saa 8 usiku."

Alikuwa anaijua ratiba yangu kuliko msimamizi wa wodi. Nikichelewa kurudi, alikuwa anakaa barazani hadi aione taa ya bodaboda ikikata kona, ndipo akafunga mlango wake. Hakuna mpangaji mwenzangu wa Chikongola aliyewahi kunisubiri hivyo. Kwa hiyo mtu anayesema mjini kuna usalama na pembeni hakuna, anazungumzia barabara. Mlangoni, salama yangu ilikuwa Mikindani.

Lakini kati ya wodi na mlango ule kuna kilomita 10 hivi, na hizo zilikuwa zangu peke yangu.

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, barabara ile inajaa malori ya mizigo usiku na mchana. Mvua zikianza, mwezi wa 12 hadi wa nne, bodaboda wengi hawataki kutoka mjini usiku, na anayekubali anapanga bei yake. Nililipa 7,000, nikalipa 8,000. Kuna usiku nililala kwenye kiti cha chumba cha wauguzi hadi alfajiri kwa sababu sikupata mtu. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Msimbati, akanikuta naingia saa 4 usiku nimelowa. Hakuniambia neno. Alimwambia mwanawe, na ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba: "Baba, huyu mtoto wa watu anaishi barabarani."

Usiku wenyewe ninaoukumbuka ulikuwa wa Februari. Nilichelewa kukabidhi, nikatoka saa 3:40. Kijiweni palikuwa na bodaboda watatu wamejikunyata chini ya mwembe. Wawili walikataa kabla sijamaliza kusema Mikindani. Wa tatu, kijana mdogo, alisema 10,000. Tukaondoka. Tulipotoka kwenye taa za mji na kubaki na giza la pande zote, tairi la nyuma likapata pancha. Simu yangu ilikuwa imezima tangu saa 1. Yule kijana angeweza kuniacha, pikipiki inasukumwa na mjini ndiko kwao. Hakuniacha. Aliiegesha pembeni, akaacha taa inawaka ili malori yatuone, akavua koti lake la mvua akanipa. Tulisimama pale kama nusu saa. Kila gari lililokuja nililihesabu kama la mwisho.

Kisha tukaona tochi inakuja kwa miguu kutoka upande wa Mikindani. Ilikuwa inamulika kushoto na kulia kwa barabara, mtaroni, kwenye majani. Nilimtambua kwa mwendo wake kabla ya uso. Alikuwa ametembea karibu saa nzima kwenye mvua akimulika mitaro.

Hatukuongea njiani. Asubuhi yake, basi la saa 12:20 lilipiga honi na yeye hakutoka. Alikuwa amekaa kitandani na viatu vya kazi miguuni. Akasema, "Mke wangu, mimi lipo basi linalonijua. Nisipokuwepo kituoni dereva anauliza. Wewe hakuna gari linalokujua."

Nimefikiria sentensi ile tangu siku hiyo, na ndiyo jibu langu kwa mdogo wangu. Wanandoa wakitafuta nyumba wanapima umbali. Wanafungua simu, wanaangalia kilomita, wanatafuta mahali palipo katikati ili kila mmoja asafiri sawa. Sisi tulifanya hivyo hivyo, na kwa kilomita Mikindani ilikuwa katikati yenye haki kabisa. Lakini safari zetu hazikuwa za aina moja. Yake ilikuwa ndefu na ya uhakika: saa ile ile, kiti kile kile, bila nauli. Ukimwongezea kilomita 10, unamwongezea dakika 20 za kusinzia kwenye basi. Yangu ilikuwa fupi na ya kubahatisha, na kila kilomita uliyoniongezea ilikuwa kilomita ya kubahatisha usiku. Kumi zake na kumi zangu hazikuwa sawa hata kidogo. Nyumba ilitakiwa kuwa karibu na yule asiye na usafiri wa uhakika, hata kama kazi yake ndiyo iliyo karibu zaidi, hata kama mshahara wake ndio mdogo. Kwetu mshahara mdogo ulikuwa wangu, na nadhani hilo ndilo lililofanya nichelewe kusema. Nilijiona kama sina haki ya kuihamisha nyumba.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujamsikiliza dalali, kaa na mumeo mwandike wiki moja ya kila mmoja wenu saa kwa saa. Wewe unauza kwenye duka la dawa linalofungwa saa 3 usiku. Yeye ana pikipiki yake. Kama mtakaa Naliendele, ambako najua mnapatamani kwa sababu ya viwanja vikubwa na ile miti ya kituo cha utafiti wa korosho, muulize kama atakuja kukuchukua kila usiku, hata Machi mvua inaponyesha, hata akiwa na homa, hata siku mliyogombana. Akisema ndiyo na wewe ukaamini, nendeni, lami ipo na hewa ni nzuri. Kama kuna mahali mmoja wenu anasita kujibu, hapo ndipo penye kodi yenyewe.

Tulirudi mjini mwezi wa tano, Chuno, chumba na sebule, 140,000 baada ya kubembeleza. Luku ni ya wapangaji wawili, afadhali. Natembea dakika 20 kwenda kazini. Mwenzangu anaamka saa 11 alfajiri badala ya saa 11:40, na jioni anafika saa 12 badala ya saa 11:30. Ameipoteza bahari ya kila siku, na hilo ni jambo ambalo hakuna hesabu niliyoweza kuliandikia tarakimu. Mwezi wa kwanza alikuwa anaenda peke yake hadi soko la samaki la Feri jioni, anarudi na dagaa wachache na uso wa mtu aliyetoka kuona ndugu. Nilimwuliza kama anajuta. Alijibu kwamba usiku sasa analala. Sikujua kwamba miezi 14 yote alikuwa halali nikiwa zamu ya jioni. Alikuwa anajifanya amelala ninapoingia, ili nisijisikie vibaya.

Na kuna saa tulizozipata. Kule Mikindani, siku ya zamu ya jioni hatukuonana tukiwa macho: yeye aliondoka nimelala, mimi nikaingia naye akijifanya kalala. Sasa nikitoka saa 3 ananikuta kwenye kona ya hospitali, tunanunua mihogo ya kuchoma kwa mama mmoja anayekaa pale na jiko lake, tunatembea tukila. Ni dakika 20 tu. Lakini kwenye hizo dakika 20 ndimo tulimoongea habari za mtoto, za deni la mdogo wake, za shamba la baba yangu, mambo ambayo kule tulikuwa tunaandikiana kwa ujumbe wa simu.

Siku ya kuhama, bibi alikataa kupokea funguo mkononi. Alisema niziache juu ya dirisha, ili isiwe kwamba nimemrudishia. Tunaenda kumwona Jumamosi ambazo sisi wote tumepumzika, na kila mara kuna bakuli la pweza limefunikwa kwa kawa.

Kipo pia kiwanja. Tulikinunua tukiwa bado kule, kwa vipande vipande, juu kidogo upande wa Mtonya, kina mikorosho miwili mizee. Mwenzangu anataka tujenge. Mimi nimesema tutajenga siku nitakapopata kazi upande ule. Hospitali ya kanda imejengwa Mitengo, barua yangu ya kuomba uhamisho nimeshaiandika na bado iko kwenye droo, kwa sababu wodi yangu ya sasa naipenda na wenzangu wananifaa. Hatujakubaliana. Tunaliongelea kwenye zile dakika 20, tunaliacha, tunalirudia.

Mvua za mwisho alikwenda akapanda minazi mitatu pale kiwanjani. Minazi michanga hivyo huitwa mikinda, na inasemekana ndiko lilikotoka jina la Mikindani. Jumamosi iliyopita nilikwenda naye. Mmoja umekauka. Miwili imetoa kuti jipya kila mmoja, nikachota maji kwenye kisima cha jirani, ndoo mbili, nikaimwagia.